Kasha la Peoni na Kaa wa Mwezi wa Tisa

Nyumba ya Qiu,
Mtaa wa Mafundi Laka, ng'ambo ya Daraja la Mawe,
Xitang, Jiaxing.
Mwezi wa nne, siku ya kumi na moja,
mwaka wa tatu wa enzi ya Xuande.

Mpendwa Kaka Ziheng,

Salamu zangu zikufikie huko Liaodong na zikukute mzima wewe na wote wa nyumbani kwako, na hiyo baridi yenu iwe imeshawaachia. Hujambo, Kaka? Wifi Huilan hajambo? Watoto wanakua? Na ule mgongo wako wa kuinamia vitabu vya ghala la jeshi kutwa kucha, umepata nafuu au bado unaamka umejipinda? Sisi huku hatujambo. Mvua imetunyeshea siku tisa mfululizo, mfereji umejaa mpaka ngazi ya tatu. Mama nilimwona mwezi uliopita. Anakula vizuri, ana nguvu, na bado anagombana na jirani juu ya wale bata.

Barua yako ilinifikia, nikaisoma nikacheka, kisha nikakaa chini nikalia. Eti unamwuliza mume wangu nani ananisomea barua siku hizi, maana umesikia nimepofuka! Sijapofuka, Kaka. Najua ni Shangazi aliyekupelekea habari hizo. Yeye mtu akikohoa tu, anaanza kushona nguo za msiba. Lakini safari hii hakusema uongo mtupu, nilikaribia. Kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe ilivyokuwa, tena nikueleze na habari ya kasha, kwa sababu tangu juzi nina jambo limenijaa kifuani na sina wa kumwambia zaidi yako.

Baba mkwe wangu unamkumbuka, Mzee Qiu Daoan. Siku ya harusi yangu ni yule mrefu, mkavu, aliyekula bakuli tatu za wali bila kufungua mdomo kwa jambo jingine. Basi hivyo ulivyomwona ndivyo alivyo siku zote. Mwaka mzima tangu niingie nyumba hii hakuwahi kuniita jina langu. Nilikuwa "wewe wa Songjiang", kwa kuwa ndiko nilikotoka. "Wewe wa Songjiang, chai." "Wewe wa Songjiang, mlango." Nikamzoea, maana hata mwanawe wa kumzaa anamwita "wewe mwenye brashi".

Huyo mwenye brashi ndiye Ruilin wangu. Kazi yake ni kupiga mikono ya laka, ule utomvu wa mti unaong'aa ukikauka, juu ya vyombo vya mbao, mkono mmoja, yaani tabaka moja, kisha chombo kinaingia chumba cha unyevu kikauke, kisha mkono mwingine, hivyo hivyo mpaka mia na zaidi. Baba mkwe, ambaye nami namwita Baba, ndiye mchongaji. Amechonga miaka hamsini na minne, Kaka! Sahani, trei, vijaluba, vimekwenda hadi ikulu. Na kila kimoja kimetoka na jina la mwenye karakana chini yake. Jina la Qiu Daoan halijawahi kukaa popote.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita alipoacha karakana ya watu na kurudi nyumbani, alisema atatengeneza kasha moja tu, la kwake, lenye jina lake. Kasha la mviringo, la kushikwa kwa mikono miwili, lenye maua ya peoni kwenye kifuniko. Mbao alichagua mwenyewe. Alitaka mikono mia na ishirini ya laka nyekundu, na hadi mwezi wa tisa mwaka jana Ruilin alikuwa ameshapiga tisini na minne. Mzee ana miaka sabini na mmoja. Kila mtu mtaani alijua kwamba hilo halitafuatiwa na jingine.

Sasa sheria ya mtaa wetu unaijua. Mji mzima mwezi wa tisa unakula kaa, sisi tunameza mate. Kaa akiingia kwenye nyumba yenye laka mbichi, laka inagoma kukauka, na mikono yote iliyopigwa inaharibika. Mwaka juzi Ruilin alijiiba akaenda kula kaa ng'ambo ya daraja. Aliporudi baba yake alimnusa mlangoni tu, akamvua nguo zote pale pale kwenye ngazi za mfereji, akammwagia maji ya tangawizi, na wanawake wa mtaa mzima wakitazama! Mpaka leo wakimwona wanamuuliza kama amesikia harufu ya tangawizi.

Kosa lilikuwa langu. Nisikufiche. Bibi arusi katika nyumba hizi hakaribii laka mbichi mwaka mzima, maana inababua ngozi, mpaka mwili uizoee harufu yake kwanza. Mimi mwaka wangu ulikuwa umebakiza siku chache, sijapata hata kipele, nikajiona fundi. Ruilin alikuwa amesafiri milimani kununua utomvu, na kabla ya kuondoka alikuwa ameacha kasha na mkono mpya kabisa chumbani. Baba naye alikuwa na kikohozi. Kulikuwa na sufuria ya laka inayongoja kuchujwa. Nikasema, ah, kuchuja ni kusokota kitambaa tu, mbona nguo nasokota kila siku? Nikaichuja yote, safi. Kisha jasho likanitiririka, nikafuta macho kwa mkono wa gauni.

Kaka, nisikueleze sana. Jioni uso uliwasha. Asubuhi ulikuwa umevimba, na kufikia siku ya pili macho yalikuwa yamejifunga kabisa, usaha unatoka, homa imenipanda mpaka meno yanagongana. Baba alipoingia na kuniona alisema neno moja tu, "Ebo!" Akatoka, akarudi na mganga, Mzee Ge.

Nilikuwa nimelala gizani mwangu, nasikia kila kitu. Mzee Ge alisema laka imeingia kwenye kope, na ikishuka zaidi itakula mboni, nami sitaona tena. Akasema dawa ni moja, nayo kila mtu anaijua. Kaa wabichi, wapondwe, wapakwe machoni, wabadilishwe mara nne kwa siku, siku tatu bila kukosa.

"Tumpeleke kwa Mama Pang basi," Baba akasema. Mama Pang ndiye muuza kaa, anaishi ndani ya mashua yake hapo chini ya daraja.

"Na homa hiyo? Na upepo wa mfereji?" Mzee Ge akajibu. "Utamrudisha kwa mumewe ndani ya jeneza. Asitoke kwenye chumba hiki. Toa kasha."

"Kasha lina laka mbichi. Likipata upepo na vumbi sasa hivi, litajikunja lote."

"Basi mimi nimeshasema dawa," Mzee Ge akasema. Nikasikia anafunga mkoba wake.

 Nilijua nini kinawazwa, maana hata mimi nilikuwa nawaza hicho hicho. Nikajikaza nikasema, "Baba, usiwalete. Nitavumilia, pengine itapungua yenyewe."

"Nyamaza," akasema. "Nani amekuuliza?"

Nikasikia kikapu kinashushwa ukutani. Dirisha langu liko juu ya maji, kwa hiyo maneno ya Mama Pang nayo niliyasikia yote. Yule mwanamke hana sauti ya chini.

"Mzee Qiu! Umepotea njia? Wewe na kaa wapi na wapi?"

"Nipe kumi na wawili. Wenye nguvu."

"Loo! Umepata mgeni?"

"Nina mkwe, anaumwa. Pima, acha maneno."

Kisha akarudi na kikapu mkononi katikati ya mtaa wa laka, Kaka, mchana kweupe, kaa wanakwaruza ndani. Nilisikia madirisha yakifungwa moja baada ya jingine. Jirani mmoja akapiga kelele, "Daoan, una wazimu? Tisini na minne!"  Nilisikia hatua zake tu, hazikuharakisha wala hazikusita.

Aliwaponda mwenyewe kwenye kinu cha tangawizi. Alinipaka mwenyewe, maana hapakuwa na mwanamke mwingine ndani. Mkono ule, Kaka, mkono wa kuchongea, uliopita juu ya kope zangu! Sikuhisi kidole, nilihisi ubaridi tu ukikaa mahali pake. Mara nne kwa siku, siku tatu. Harufu usiniulize. Siku ya pili nikamwuliza, "Baba, na kasha?"

"Kasha halina macho," akasema. "Lala kifudifudi usimwage dawa, hapana, chali, chali! Huyu wa Songjiang hajui hata kulala."

Siku ya tano jicho la kushoto lilifunguka, ya saba la kulia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni magamba ya kaa yaliyojaa ndoo, na mzee anakoroga supu akiniangalia pembeni kama mtu asiyeniangalia. Nilitaka kumshukuru nikashindwa, nikalia. Akasema chumvi ya machozi itaharibu dawa.

Siku chache baadaye Ruilin alirudi. Alisimama mlangoni na madumu yake ya utomvu, pua juu.

"Baba! Nasikia kaa!"

"Ni kaa."

"Ndani ya nyumba?"

"Sasa unataka niwaponde barabarani? Ingia ukamwone mkeo."

Akaingia, akaniona, magamba ya uso yananibanduka. Akaelewa yote, akakaa kizingitini akafunika kichwa. Sijui alikuwa anamlilia nani, mimi au kasha. Nadhani wote wawili, na simlaumu.

Kasha liligoma kukauka. Mkono ule wa mwisho ulikaa unanata siku ishirini, kisha ukajikunja kama ngozi ya maziwa, na ya chini yake nayo ikapata madoa. Ruilin mpaka leo anasema ni upepo mkavu wa mwaka jana. Mtaa mzima unasema ni kaa. Mimi nanyamaza. Baba alichukua kisu akakwangua yote iliyoharibika, taratibu, mkono kwa mkono, na alipofika palipo pazima ilikuwa imebaki sitini na minane. Kuongeza hakukuwezekana, maana nyumba ilikuwa inanuka kaa mpaka kwenye dari. Kungoja mwaka mwingine nako ni kuiacha laka iwe ngumu kisu kisiingie. Ilikuwa ni kuchonga wakati ule au kutochonga kabisa.

Sitini na minane, Kaka. Chukua sarafu moja ya shaba uitazame unene wake. Ndani ya unene huo atoe peoni iliyofunguka! Wachongaji wa mtaani walikuja kutazama wakatikisa vichwa. Mmoja akamwambia achonge mawimbi ya kawaida amalize. Baba akamwuliza kama chai yake imeisha, maana mlango uko pale pale alipoingilia.

Sasa ndilo jambo lenyewe linalonijaa kifuani. Chini kabisa ya ule wekundu Ruilin alikuwa amepiga mkono mmoja mweusi, mwembamba kuliko unywele. Ndio unaomwambia mchongaji asimame, maana chini yake hakuna kitu isipokuwa mbao. Siku Baba alipoanza kuchonga alimwita Ruilin akae mbele yake amwambie weusi ukitokeza. Sisi tukashangaa, kwani mchongaji gani anaambiwa? Ruilin alidumu nusu asubuhi. Alisema "nadhani" mara tatu, akafukuzwa.

Baba akaniita mimi. Kwa jina. "Peirong, njoo hapa."

Nikakaa. Akasubiri Ruilin atoke kwenda uani, akasema kwa sauti ya chini, "Nikifikia weusi, sema simama. Usiseme nadhani. Macho yangu yana ukungu, majira mawili ya baridi sasa. Ua nalijua kwa kidole, lakini weusi kidole hakiuoni. Ukimwambia mtu mtaani nitakurudisha kwa mama yako."

 Majira mawili ya baridi! Kwa hiyo siku ile mganga aliposema sitaona tena, yule mzee aliyesimama kimya kando ya kitanda changu alikuwa anajua giza linavyoingia, kidogo kidogo, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mimi nilidhani anapima kipi kizito, kasha au mkwe. Nilitaka kumwomba radhi kwa kuwaza hivyo, lakini alikuwa ameshashika kisu.

Tulikaa dirishani kila asubuhi miezi mitatu, mwanga ukiwa mzuri.  Anasukuma kisu, wekundu unajikunja unatoka kama ganda la tunda, mimi nimetoa macho, na ghafla kule chini kijistari cheusi kinachungulia. "Simama!" Naye anasimama pale pale, hata upana wa unywele hauzidi. Laka haigundishwi ikishakatwa. Ningepepesa macho wakati mmoja tu, petali, yaani jani la ua, ingekufa na kasha lingekufa nayo. Sikupepesa, Kaka. Nilikuwa natoka pale shingo imekakamaa, Ruilin ananikanda kwa mafuta huku ananung'unika wivu.

Na nikaona kwa macho yangu ua likitoka. Sina maneno, lakini nitajaribu. Katikati kuna peoni moja kubwa iliyofunguka kabisa, petali zimelaliana sita, na kila moja ina ukingo wake uliojikunja kidogo, na unaona kabisa ipi iko juu na ipi imejificha. Kando yake matumba mawili yamefumba. Majani yamepinduka, unaona mgongo wa jani na mishipa yake. Yote hayo ndani ya unene wa sarafu moja! Kwa kuwa laka ilikuwa nyembamba, hakuweza kuchimba, ikabidi alaze kila petali kwa mshazari mdogo mno, na kwa hiyo ukilizungusha kasha kwenye mwanga kivuli kinatembea juu ya ua lote. Wale wachongaji waliotikisa vichwa wamerudi wiki iliyopita.  Mmoja alilishika, akalirudisha mezani kwa mikono miwili, akamwinamia Baba mpaka kofia ikamdondoka. Mimi ninayelifuta kila siku, bado kila nikifungua mlango wa chumba kile naingia kwa kunyata.

Juzi ilikuwa siku ya jina. Baba aliligeuza kasha akanipa sindano. "Andika," akasema. "Hapo kushoto, karibu na ukingo. Ruilin mwandiko wake ni wa kuku."

 Kaka, unakumbuka ulivyonifundisha herufi nyuma ya ghala la mchele, kwa kijiti na jivu, mpaka Baba yetu akatukamata akatuchapa wote wawili? Nilikufikiria wewe. Na nikawaza, baada ya yote haya, pengine mzee anataka jambo kubwa. Nikamwuliza, "Baba, jina lipi?"

"Lipi tena? Langu! Ulidhani lako?"

Nikacheka mpaka nikalazimika kuweka sindano chini. Kisha nikaandika, herufi tatu, Qiu Daoan, nyembamba na zilizonyooka kama ulivyonifunza. Alipitisha kidole gumba juu yake. Mstari wa sindano ni mdogo mno, kidole hakisikii kitu.

"Limekaa vizuri?"

"Limekaa vizuri, Baba."

"Lisome."

Nikalisoma. Akauelekeza uso wake dirishani kwenye mwanga.

"Tena," akasema.

Nililisoma mara tatu, Kaka, kwa sauti.

Basi, nikomee hapa, karatasi imekwisha na Ruilin ananiita. Mpe Wifi Huilan salamu zangu, na umwambie ule mchoro wa mshono aliouomba nitautuma na wafanyabiashara wa chai. Wabusu wanao, Yanzhi na mdogo wake. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Ruilin anakusalimu. Baba mkwe hajasema, lakini nilipomwambia nakuandikia alinisogezea taa. Mbingu zikulinde barabarani na ghalani, zikupe macho mazima na mgongo ulionyooka, mpaka tutakapokaa meza moja tena. Na Shangazi ukimwandikia, mwambie nguo za msiba azikunje.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyekusahau hata siku moja,

Peirong